Namna ya kuandaa swali la bungeni ambalo waziri hawezi kulikwepa: mwongozo kamili

Malalamiko yanayoletwa ni yaleyale. Wananchi wamehangaika miezi kadhaa, mbunge kalipokea swali lao, kalisimamia Dodoma, televisheni imeonyesha, na naibu waziri akajibu: "Serikali inatambua umuhimu wa jambo hili na itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana." Mbunge akashukuru kwa majibu mazuri, akakaa. Kule jimboni watu wanaulizana: sasa tumepata nini?

Hamkupata kitu kwa sababu swali lenyewe halikudai kitu. Liliuliza Serikali ina "mpango gani", na waziri akausema mpango. Huwezi kumlaumu.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya wananchi, makatibu wa wabunge, madiwani na yeyote anayetaka jambo lake lifike mezani kwa waziri na lirudi na jibu lenye tarehe au namba. Nimeufuatisha na Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kenya na Bunge la Afrika Mashariki nitawagusa mwishoni. Msingi wa haki hii upo kwenye Katiba ya 1977, Ibara ya 63(3)(a): Bunge laweza kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno ya mwisho yawekee mstari, tutayarudia.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Taarifa Rasmi za Bunge (Hansadi) za mikutano miwili mitatu iliyopita. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge.
- Hotuba ya bajeti ya wizara husika ya mwaka huu wa fedha na ya mwaka uliopita.
- Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), kama jambo lako linagusa fedha za mradi. Ipo ya Kiswahili.
- Nyaraka zenu: barua mlizoandika na majibu yake, mihtasari ya mikutano ya kijiji au mtaa, picha zenye tarehe, fomu za tathmini, risiti.
- Kalenda ya Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Mingine ni mifupi.
- Jina na simu ya katibu wa mbunge. Huyu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Kama hamna nyaraka hata moja, anzeni kwa kuandika barua ofisini kwa mkurugenzi wa halmashauri au meneja wa wakala husika, na mpige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa wananchi haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi za umma. Ombi lisilojibiwa nalo ni ushahidi.

## Hatua ya 1: Jua mlango wa kubisha

Maswali mengi hufia hapa. Mtu anauliza Wizara ya Ujenzi kuhusu barabara ya kijijini kwao, na jibu linakuwa la mstari mmoja: barabara hiyo inahudumiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyo chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nafasi imekwenda.

Kanuni ya haraka:

Barabara. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara ulio chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za vijijini na mitaani ni za TARURA, TAMISEMI. Kama hujui yako ni ipi, muulize meneja wa TARURA wa wilaya yako, atakwambia papo hapo. Hakuna anayependa kubebeshwa barabara isiyo yake.

Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zinaangukia TAMISEMI kwa majengo na uendeshaji. Hospitali za rufaa za mikoa ziko Wizara ya Afya.

Maji. Vijijini ni RUWASA (wakala wa maji vijijini), mijini ni mamlaka za maji. Zote ziko Wizara ya Maji, kwa hiyo hapa kukosea ni vigumu.

Zanzibar. Barabara, maji na afya za Visiwani si mambo ya Muungano. Swali liende Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia na uhamiaji ni ya Muungano, hayo yanakwenda Dodoma.

*Umefaulu kama* unaweza kutaja wizara moja tu, na kueleza kwa sentensi moja kwa nini ni hiyo. Ukijikuta unataja wizara tatu, una maswali matatu. Chagua moja.

## Hatua ya 2: Soma yaliyokwishajibiwa

Fungua Hansadi, tafuta jina la barabara, mradi au kata yenu. Kuna uwezekano mkubwa swali limewahi kuulizwa, pengine na mbunge aliyepita.

Hii haina maana mmechelewa. Jibu la zamani ni mtaji. Kama waziri alisema mwaka juzi kwamba usanifu wa kina ungekamilika kufikia Juni, swali lenu limeshapata uti wa mgongo: je, usanifu ule ulikamilika tarehe ngapi? Waziri anaweza kuikwepa ahadi ya mwanasiasa mwenzake jukwaani. Iliyochapishwa kwenye Taarifa Rasmi humshinda.

Nakili tarehe ya kikao, namba ya swali na maneno yenyewe ya jibu, neno kwa neno. Usifupishe kwa maneno yako.

## Hatua ya 3: Kusanya ushahidi unaoweza kuthibitishwa

Mbunge ana kinga kwa anachokisema bungeni, lakini Kanuni za Kudumu hazimruhusu kusema uongo. Anaweza kutakiwa na Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, athibitishe kauli yake, na akishindwa, afute au aingie matatani. Ukimpa mbunge namba ya kubahatisha umemtega. Hatapokea tena karatasi yako, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo kila namba iwe na chanzo. "Kaya nyingi" haitoshi. "Kaya zilizoorodheshwa kwenye fomu za tathmini, nakala imeambatishwa" inatosha, hata kama ni chache.

Tahadhari: majina ya watu binafsi, namba za simu, za pasipoti na za kitambulisho zisiingie ndani ya swali. Hansadi haifutiki. Weka majina kwenye kiambatisho cha mbunge peke yake.

## Hatua ya 4: Andika swali la msingi

Hapa tukae kidogo, na tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zikaongezeka mita 7.5. Watu waliojenga kihalali ndani ya mita hizo kabla ya sheria ndio wanaosemwa bungeni kuwa "wamefuatwa na barabara", tofauti na waliojenga ndani ya mita 22.5, ambao wao ndio walioifuata barabara. Aliyefuatwa ana haki ya fidia. Mara nyingi nyumba yake ina X ya kijani, na ya mwenzake aliye ndani zaidi ina X nyekundu.

Swali linalopelekwa kila mara ni hili:

> Je, Serikali ina mpango gani wa kuwalipa fidia wananchi waliowekewa alama ya X kando ya barabara ya ____?

Na jibu linajulikana kabla halijasomwa: Serikali itawalipa pale eneo litakapohitajika kwa ujenzi, wananchi wavute subira.

Ubaya wa swali hilo ni wa aina tatu. Linauliza mpango, na mpango hauna tarehe. Linawachanganya wa kijani na wa nyekundu, hivyo linampa waziri nafasi ya kuwazungumzia wasio na haki na kuwaruka wenye nayo. Na halionyeshi kwamba muulizaji anajua suala limefika hatua ipi.

Kabla ya kuandika, jiulize: tathmini imefanyika au haijafanyika? Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Kama tathmini imefanyika, mambo yanakuwa mazuri kwenu, maana Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu tathmini ilipoidhinishwa. Ikichelewa inazaa riba. Ikipita miaka miwili bila kulipwa, tathmini inakuwa imekufa, lazima irudiwe. Sasa andika:

> Je, tathmini ya fidia kwa wananchi walio kati ya mita 22.5 na mita 30 katika barabara ya ____, Kata ya ____, iliidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali tarehe ngapi, na ni wananchi wangapi hawajalipwa hadi sasa?

Tarehe moja, namba moja. Waziri akitaja tarehe, miezi sita inahesabika na kila mtu. Akisema haijaidhinishwa, mmejua kizuizi kilipo, na hilo peke yake hamkuwa nalo jana.

Kama tathmini haijafanyika, kuuliza fidia ni kupoteza muda, jibu la "pale eneo litakapohitajika" linawasubiri. Ulizeni kinachowaumiza leo: mwenye X ya kijani anaruhusiwa kukarabati paa? Anaweza kuongeza chumba? Barabara hiyo imo kwenye mpango wa upanuzi wa mwaka gani wa fedha? Watu wamekaa na X ukutani miaka mingi, nyumba zinavuja, na hakuna aliyewaambia kama wapige bati jipya au wasubiri. Kwa maoni yangu hili ndilo swali kali zaidi la mita 7.5, na huulizwa kwa nadra.

### Maneno ya kuepuka

"Ina mpango gani", "ina mkakati gani", "inasema nini", "haioni umuhimu wa". Hayo yote yanaomba hotuba.

"Ni lini" ni nzuri zaidi, lakini peke yake haitoshi. Waziri atasema "mara fedha zitakapopatikana" na kikanuni amejibu. Iunganishe na hatua: upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, kutangaza zabuni, kusaini mkataba, malipo ya awali. Uliza mradi upo hatua ipi kati ya hizo na iliyotangulia iliisha lini.

Kwenye fedha, usiulize kiasi kilichotengwa. Kiasi hicho kipo kwenye kitabu cha bajeti, kisome mwenyewe. Uliza kiasi kilichopokelewa na mradi kufikia tarehe fulani. Kati ya kutengwa na kupokelewa ndipo miradi mingi inapolala usingizi, na halmashauri nyingi zinalijua hilo kuliko zinavyopenda kusema.

Lisiwe na kejeli, lisiwe hotuba, lisitake maoni ya kisheria, lisihusu shauri lililo mahakamani. Swali la aina hiyo ofisi ya Katibu wa Bunge italirudisha au kulikata, na likikatwa na mtu mwingine huwezi kujua litabaki nini.

*Umefaulu kama* unaweza kumsomea swali jirani asiyejua chochote, naye akakwambia jibu lake litakuwa namba, tarehe, au ndiyo/hapana.

## Hatua ya 5: Andaa maswali ya nyongeza kabla, si siku hiyo

Swali la msingi hufika wizarani mapema. Wataalamu wanakaa nalo, jibu linaandikwa, linapitiwa, naibu waziri anakuja nalo limechapwa. Hakuna mshangao hapo. Swali la msingi ni kigingi tu cha kufungia kamba.

Nyongeza ndiyo inayomkuta waziri bila karatasi. Kwa kawaida mwenye swali hupata maswali mawili ya nyongeza, kisha Spika akipenda anawapa wabunge wengine moja moja.

Na hapa ndipo wabunge wengi wanapozitupa nafasi zao. Umeyasikia: "Je, Mheshimiwa Waziri yupo tayari kuambatana nami baada ya Bunge hili kwenda kujionea hali halisi?" Waziri husimama akitabasamu: nipo tayari. Makofi. Sijawahi kusikia waziri akisema hayupo tayari. Kama lengo ni ziara, mwandikieni barua.

Andaeni nyongeza kwa kukisia majibu. Kwa mfano wetu:

*Waziri akitaja tarehe ya kuidhinishwa ambayo imepita miezi sita:* "Kwa kuwa sheria inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, je, riba ya ucheleweshaji imejumuishwa kwenye kiasi kitakacholipwa, na ni shilingi ngapi?"

*Akitaja tarehe iliyopita miaka miwili:* "Kwa kuwa tathmini hiyo imeshapitwa na wakati kisheria, je, uthamini mpya unaanza mwezi gani?"

*Akisema uhakiki unaendelea:* "Uhakiki ulianza lini, na umefikia wananchi wangapi kati ya walioorodheshwa?"

*Akisema fedha hazijapatikana:* "Je, wizara iliwasilisha maombi ya fedha hizo Hazina tarehe ngapi?" Swali hili fupi linachoma. Kama maombi hayakuwahi kuwasilishwa, fedha zisingepatikana hata kwa miujiza.

Mbunge akiwa na karatasi yenye matawi manne, atachagua mawili kulingana na alichosikia. Asisome yote.

Tahadhari: nyongeza lazima itokane na swali la msingi au jibu lake. Ukiuliza fidia ya barabara halafu nyongeza ikawa kituo cha afya, Spika atasema hilo ni swali jipya, na waziri atapumua.

## Hatua ya 6: Lifikishe kwa mbunge kwa namna inayobebeka

Usimpe karatasi msibani wala kwenye mkutano wa hadhara. Siku hiyo amepewa karatasi nyingine kumi na zote zinaishia kwenye mfuko wa koti. Peleka ofisi ya mbunge jimboni, kwa katibu wake, na upate saini ya kupokelewa.

Peleka wiki nyingi kabla ya mkutano wa Bunge kuanza. Maswali yana muda wa kuwasilishwa kwa Katibu wa Bunge, yanapitiwa, yanapangiwa siku. Likija wakati wabunge wameshapanda magari kwenda Dodoma, litasubiri mkutano ujao.

Barua iwe ukurasa mmoja:

> Mheshimiwa Mbunge,
>
> Sisi wakazi wa Mtaa wa ____, Kata ya ____, tunaomba utuulizie swali lifuatalo kwa Waziri wa Ujenzi katika Mkutano ujao wa Bunge, lijibiwe bungeni.
>
> Swali: (swali la msingi, lisizidi sentensi mbili)
>
> Jambo hili liliwahi kujibiwa tarehe ____, swali Na. ____, ambapo Serikali ilisema: "____". Tangu hapo hatujaona utekelezaji.
>
> Tumeambatisha: nakala za fomu za tathmini, barua yetu kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa ya tarehe ____, picha, na mapendekezo ya maswali ya nyongeza.
>
> Kwa ufafanuzi wasiliana na Katibu wetu (jina na simu).

Kichwa cha barua, salamu ndefu na historia ya kata viacheni. Na msimtishe kwa kura, anazikumbuka bila kuambiwa.

Kama mnachotaka ni jedwali la namba, mfano mgao wa fedha kwa kila kata, muombeni apeleke swali la kujibiwa kwa maandishi. Halionekani kwenye televisheni, lakini majibu yake huwa na nyama zaidi. Wanasiasa hawalipendi kwa sababu hiyohiyo ya televisheni.

Mbunge akikataa au akinyamaza, mwendeeni mbunge wa viti maalum wa mkoa wenu. Naye ana haki ileile ya kuuliza.

## Hatua ya 7: Jambo likiwa la nje ya nchi

Maswali ya mambo ya nje yana ugonjwa wake. "Serikali ina msimamo gani kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo?" Jibu: Tanzania inaamini katika amani na mazungumzo. Nani anabisha?

Usiulize msimamo. Uliza hatua. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) walikutana Dar es Salaam, wakataka mapigano yasitishwe mara moja na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Mwezi uliofuata SADC ikaamua kuondoa kikosi chake Kongo, ambacho Tanzania ilikuwa na askari ndani yake. Swali lenye meno linaanzia kwenye azimio: Tanzania ilipewa jukumu gani, imelitekeleza kwa kiasi gani, na kwa madereva wa malori wanaobeba shehena ya Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam, utaratibu wa usalama wao ukoje na ofisi ipi inapokea taarifa zao? Maswali ya idadi ya askari na silaha waziri anaweza kukataa kuyajibu hadharani kwa sababu za usalama. Hayo mbunge ayapeleke kwenye Kamati ya Kudumu ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama.

Swali jingine linalokuja sana ni la vijana wetu waliokwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, mwajiri akashika pasipoti. Kwanza kabisa: mtu akiwa hatarini leo, pigia ubalozi, Muscat, Riyadh au Abu Dhabi. Bunge si la dharura.

Kwa swali la kisera, rudi kwenye maneno yale ya Ibara ya 63, "yaliyo katika wajibu wake". Waziri wa Mambo ya Nje anawajibika kwa ubalozi: malalamiko mangapi yalipokelewa Muscat mwaka wa fedha uliopita, mangapi yametatuliwa, kuna afisa anayeshughulikia kazi, kuna makubaliano yaliyosainiwa na nchi hiyo na yanataja nini kuhusu pasipoti? Wakala aliyempeleka ni wa wizara ya kazi. Mtandao wa usafirishaji haramu wa binadamu ni wa Mambo ya Ndani. Na kama wakala alisajiliwa Zanzibar, kazi si jambo la Muungano, hivyo swali la leseni yake linaulizwa Chukwani hata kama ubalozi unaulizwa Dodoma. Familia nyingi huzungushwa hapa, kila ofisi ikiitaja nyingine.

Kuhusu uraia pacha na hadhi maalumu kwa walioko ughaibuni, kuuliza tena "Serikali ina mpango gani" naona kumetosha. Ulizeni vitu vinavyoguswa: fomu ipi, ada kiasi gani, maombi mangapi yamepokelewa na mangapi yamekubaliwa.

## Hatua ya 8: Siku ya kujibiwa

Kikao cha asubuhi huanza saa 3:00 na maswali huja mapema. Orodha ya Shughuli ya siku hutolewa na Bunge, angalia namba yenu. Mbunge atasimama na kusema swali lake namba fulani lipatiwe majibu, hatalisoma lote. Msishangae.

Mtu mmoja arekodi, mwingine aandike. Sikilizeni vitu vitatu: namba, tarehe na kitenzi. "Tutalipa" si sawa na "tutaangalia uwezekano wa kulipa". Waziri kamili akisimama kuongezea majibu ya naibu wake, ongezeni umakini, mara nyingi ndiyo ahadi yenyewe inapotoka, au ndipo inapochukuliwa tena.

Jibu likiwa halihusiani na swali, mbunge anaweza kuomba Mwongozo wa Spika. Spika ana mamlaka ya kutaka jibu likaandaliwe upya. Inatokea, na ikitokea wizara nzima inahangaika. Kwa hiyo msikate tamaa kwa jibu bovu la dakika moja.

Alhamisi kuna Maswali kwa Waziri Mkuu, ya papo kwa papo. Hayo ni ya sera kwa ujumla. Kumuuliza Waziri Mkuu kuhusu daraja la kijiji ni kumpa nafasi ya kusema "nitamuagiza waziri". Lakini kumuuliza kwa nini tathmini za fidia nchini zinapita muda wa kisheria bila kulipwa, hilo ni lake.

## Hatua ya 9: Baada ya jibu

Kazi nusu ipo hapa, na ndiyo isiyofanywa.

Subirini Hansadi itoke, chapisheni ukurasa wenu. Andikeni barua kwa meneja wa mkoa au mkurugenzi, mkinukuu jibu la waziri na tarehe yake, mkiuliza ofisi yake imepokea maelekezo gani. Mkuu wa ofisi ya mkoani anayeona maneno ya waziri wake kwenye karatasi ya wananchi hajibu kama alivyojibu barua ya kwanza.

Ahadi ikiwa na tarehe, iandikeni kwenye kalenda ya kikundi. Ikipita, msiandike swali jipya, andikeni lilelile likianza na "Kwa kuwa Serikali ilisema tarehe…".

Mkutano wa bajeti ukifika na bado hakuna kitu, mwambieni mbunge wenu ashike shilingi. Katika Kamati ya Matumizi, mbunge anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri hadi apate maelezo ya kuridhisha. Wengi huirudisha shilingi baada ya dakika chache, ni kweli. Lakini safari hii waziri hasomi jibu la naibu. Anajibu mwenyewe, wenzake wakimtazama, na wabunge wengine wenye mita 7.5 majimboni kwao wanaruhusiwa kuchangia. Kama wako saba wenye shida moja, wapangeni mapema. Mpeni kila mmoja karatasi yake.

## Kwa walio Kenya, na kwa mambo ya Jumuiya

Kenya, chini ya Katiba ya 2010, mawaziri si wabunge. Kwa miaka mingi waliulizwa kwenye kamati tu, lakini tangu 2023 wameanza kufika tena mbele ya wabunge na maseneta kujibu maswali. Kanuni za kuandika swali ni zilezile nilizotaja. Tofauti kubwa ni kwamba mambo mengi ya afya na barabara za mashinani ni ya kaunti, hivyo mlango wenu unaweza kuwa bunge la kaunti au Seneti.

Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, nalo huuliza maswali kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Kila nchi mwanachama ina wabunge tisa wa kuchaguliwa. Kama shida yenu ni lori kuzuiwa mpakani au mahindi kukataliwa licha ya vyeti, mwandikieni mmoja wao, mkiambatisha nakala ya hati ya forodha iliyogongwa muhuri.

Mkenya ana njia ya ziada: Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni moja kwa moja, bila kusubiri mbunge akubali. Ombi hilo linatakiwa lieleze juhudi mlizofanya kwanza kwa ofisi husika na kwamba jambo haliko mahakamani, kwa hiyo zile nakala zenye muhuri wa kupokelewa zitahitajika huku pia.